Ganda la Chini la Namba Tatu

6 Februari 1994

Mdogo wangu Vidole,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto, ambao sasa nadhani wamekuwa warefu kuliko ile picha. Sisi huku tupo. Paa la stoo limevuja tena upande wa rafu ya mikanda ya feni, nimeihamisha. Jirani yetu mchomeleaji ameoa mara ya pili na tangu hapo haanzi kazi kabla ya saa tatu, kwa hiyo ndoa ile imetufaa mtaa mzima. Kaburi la Mama nimelipanda maua upya.

Sasa habari yenyewe. Sikio la kulia la Mzee limekufa kabisa. La kushoto daktari anasema halitafika mwisho wa mwaka. Mzee alimsikiliza daktari hadi mwisho, akavaa kofia, na tulipofika nyumbani akaniambia, "Kabla hili nalo halijazibika, nataka kuisikia ile injini."

Unajua injini ipi. Gari limekaa chini ya turubai tangu mwaka ulioondoka. Hajawahi kulifungua, wala hakuruhusu mtu alifungue. Nilianza Jumatatu. Nimeitoa injini mwenyewe, mchomeleaji alinisaidia kuinyanyua tu. Nimefungua nati kwa nati, nimeosha, nimefunga kila kipande kwenye karatasi yake na kuandika lebo. Ni vipande mia moja arobaini na tatu. Nilipomaliza nikamwita Mzee aje aone. Akazunguka meza, akaushika mhimili mzito wa krenki, akasema, "Mpelekee Vidole. Yeye ndiye anayejua."

Nilikwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Basi nakuandikia kama nilivyotumwa. Wewe unasaga krenki kila siku, niambie beringi za saizi gani zinahitajika, nitazichagua kwenye stoo yangu. Kwa maoni yangu tuweke zile ngumu za malori. Nimeziuza miaka mingi na hakuna aliyezirudisha.

Dada yako,
Karani

*

27 Februari 1994

Dada yangu,

Barua yako ilifika wifi yako akiwa ameishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Kutoka kwako tumezoea barua za msiba. Alifurahi nilipocheka. Sote wazima. Mkubwa anacheza mpira na kuvunja vitu, mdogo anasoma na kuvunja vitu.

Nimesoma habari ya sikio la Mzee mara nne. Huyu ni mtu aliyekuwa akisimama mlangoni mwa karakana, mgongo kwa gari, na kukuambia silinda gani haichomi vizuri.

Niambie kitu kimoja, Dada. Alisema hilo neno hasa, "Vidole"? Au umelitia wewe kwa adabu? Na kama alilisema, kwa nini hakuandika mwenyewe? Mkono wake hauna ugonjwa.

Tuma krenki. Ipake grisi, izungushie gunia, iweke ndani ya kasha la mbao na ujaze nyasi kavu isicheze. Usiilaze bila vigingi, itapinda. Tuma pia maganda yote ya beringi za zamani, hasa yale manane ya mikono ya pistoni. Usiyasugue. Nataka kusoma migongo yake, saizi hupigwa muhuri hapo, na nataka kuona yalivyolika.

Beringi za malori tutazizungumza. Hili ni gari la mzee mmoja anayekwenda kununua gazeti.

Mdogo wako

*

12 Machi 1994

Mdogo wangu,

Wasalimie wote. Paa nimeliziba. Kofia ya Mzee imepotea na nimeshutumiwa.

Ndiyo, alisema "Vidole". Huwa halisemi jina lako lingine. Ukitaka kujua zaidi, analisema kila wiki. Anakuja mteja kununua plagi, Mzee amekaa kwenye kiti chake karibu na kaunta, anaanza: nilikuwa na kijana, akiigusa injini inapoa homa. Mteja anatazama saa. Mimi nahesabu plagi. Mwaka jana fundi mmoja wa mabasi alimwuliza kwa heshima, "Na huyu binti naye anajua injini?" Mzee akajibu kwamba huyu anajua mahali kila kitu kilipo. Ni kweli, najua. Najua mahali ilipo kila skrubu katika jengo hili, ila hakuna aliyewahi kunipa ya kukaza.

Unakumbuka alivyotugawia? Siku nilipomaliza kidato cha nne alinipa daftari jipya na ufunguo wa stoo. Wewe uliacha shule kidato cha pili, ukapewa spana zake.

Lakini tuache hayo. Krenki imeondoka leo na lori la mizigo, kasha lina alama mbili nyekundu. Nimeilaza juu ya vigingi vitatu.

Kuhusu beringi ngumu: zinabeba mzigo mkubwa zaidi na zinadumu. Niambie kwa nini mzee apewe kitu hafifu.

Dada yako

*

2 Aprili 1994

Dada,

Sisi wazima. Mdogo amepata homa, imepita.

Krenki imefika bila hata mkwaruzo wa safari. Umeifunga vizuri kuliko viwanda vinavyotuletea kazi. Fundi mwenzangu aliuliza ni nani aliyefunga, nikasema dada yangu, akasema aje tumwajiri.

Nimeipima asubuhi mbili mfululizo, kabla mashine hazijawaka na chuma hakijapata joto. Shingo tatu kubwa, zile zinazokaa kwenye bloku, ni nzima. Shingo za mikono ya pistoni, namba moja, mbili na nne zimelika kidogo, zikisagwa hadi ishirini, yaani sehemu ishirini za elfu za inchi, zitang'aa. Namba tatu ndiyo ile. Ina mifereji inayoshika ukucha. Kuifikisha chuma safi lazima niende hadi thelathini, na hapo ndipo mwisho, baada ya thelathini hakuna beringi inayotengenezwa.

Kuhusu ugumu. Beringi ngumu hubeba mzigo, kweli, lakini ikipata chembe ya uchafu haiimezi. Chembe inabaki juu na kuchimba krenki. Beringi laini huimeza chembe, ikazama ndani yake, krenki ikaendelea kuzunguka. Injini hii imekaa miaka kumi na tisa. Hata uoshe vipi kuna vumbi limejificha kwenye njia za oili. Tutaweka laini.

Maganda ya zamani hayakuwemo. Nimepekua nyasi zote, wenzangu wakaniuliza kama nafuga kuku.

Na kuhusu ulivyoandika. Mimi sikujua kwamba ananitaja. Miaka kumi na tisa, Dada, hakuna hata mstari. Wewe unaudhika kwamba anasema jina langu, mimi nawaza kwamba unamsikia akikohoa asubuhi, unajua kofia ipi imepotea. Kwenye mgawo huo mimi nilipata jina na wewe ukapata mtu. Ukitaka tubadilishane, niambie.

Vidole

*

24 Aprili 1994

Mdogo wangu,

Pole kwa homa ya mtoto. Hapa mchomeleaji ameanza tena saa moja asubuhi. Sitasema zaidi.

Mzee wiki hii hakuisikia birika ikipiga filimbi. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka jikoni. Niliizima nikarudi, akaniuliza chai inachemka lini.

Maganda ya zamani sidhani yapo. Nilipofungua injini kulikuwa na takataka nyingi, huenda yalikwenda nazo. Na hata yangekuwepo yamelika, hayasomeki. Tena mchomeleaji alichukua vyuma chakavu siku ile. Na panya wako stoo. Isitoshe wewe umeshaipima krenki, na krenki ndiyo inayoamua saizi, maganda ya nini.

Ninaomba jambo moja. Saga shingo zote nne hadi thelathini. Usiweke tatu za ishirini na moja ya thelathini. Najua utasema unapoteza chuma bure. Lakini saizi mbili kwenye injini moja ni kutafuta balaa, mtu atakosea siku moja. Zikiwa sawa, hata kipofu atazifunga.

Ulisema nimepata mtu. Ni kweli. Mtu huyo namkata kucha, namsomea gazeti kwenye sikio la kushoto, na jina langu ni Karani. Ungekuwa hapa wiki moja ungeitaka krenki yako.

Dada yako

*

15 Mei 1994

Dada,

Salamu za nyumbani nitaziandika siku nyingine, leo naandikia kwenye meza ya kazi.

Umetoa sababu tano za kwa nini maganda hayapo. Moja ingetosha. Na mtu aliyebandika lebo kwenye vipande mia moja arobaini na tatu hapotezi maganda manane kwenye takataka.

Nakukumbusha jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hatujawahi kuandikiana. Mzee aliniambia nikiijenga injini ile peke yangu na ikakimbia wiki moja, karakana ni yangu. Niliijenga. Siku ya tatu ikaanza kugonga, barabarani, yeye akiwa ameketi kando yangu. Alishuka, akainama, akaweka kiganja kwenye bloku, akasema, "Namba tatu. Hukupima." Nikasema nimepima. Tuliporudi karakana akaninyang'anya spana mbele ya wateja na kuniambia fundi mwongo ni mbaya kuliko fundi mjinga. Wewe ulikuwa kaunta. Ulikuwa umeinamisha kichwa, nikadhani unanionea huruma.

Nimesaga krenki za watu tangu hapo, kila siku najiuliza nilikosea wapi. Nimezipima shingo zangu kichwani mara elfu. Sasa krenki yenyewe iko mezani kwangu na sitaki inipite bila kunijibu.

Sitaisaga na sitachagua beringi yoyote mpaka maganda yafike. Ukisema tena hayapo, nitairudisha kama ilivyokuja, na utamweleza Mzee kwa nini.

Vidole

*

30 Juni 1994

Mdogo wangu,

Nimechelewa. Barua hii nimeianza mara sita. Mzee anakula vizuri, sikio la kushoto sasa linahitaji mtu aseme kwa nguvu, na kofia imepatikana ndani ya oveni, usiniulize.

Kwenye kifurushi hiki kuna maganda manane. Nimeyafunga mawili mawili na kuandika ya mkono upi, la juu na la chini. Saba yana namba kumi mgongoni. La nane, la chini la namba tatu, halina namba. Ni standadi, la krenki ambayo haijawahi kusagwa. Unajua kuliko mimi maana yake: ni jembamba kwa unene wa karatasi kama hii ninayoandikia, na nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikigonga.

Wewe uliomba beringi za kumi. Mimi ndiye niliyekupa.

Nina daftari zangu zote, unajua kwamba huwa naandika kila siku. Nimenakili bila kurekebisha.

"11 Agosti 1975. Maboksi mawili ya beringi yamelowa kwa mvua, standadi na kumi. Nimeyatupa maboksi, nimefuta maganda na kuyafunga upya kwenye karatasi ya oili, manane manane."

"14 Agosti 1975. Saa nne asubuhi nimempa Vidole beringi za kumi. Saa nane mchana nimehesabu upya kifurushi cha standadi. Kuna moja lenye namba kumi mgongoni. Kwa hiyo moja la standadi limekwenda karakana. Nimetoka kwenda kumwambia. Nimemkuta anakaza kofia ya beringi ya namba nne, Mzee amemwekea mkono begani. Mzee anamwambia mchomeleaji kwamba tangu aanze kazi hajaona mikono kama hii. Nimesimama mlangoni. Hakuna aliyegeuka. Nimerudi kaunta."

"17 Agosti 1975. Imegonga."

Mstari wa tarehe 17 ni huo tu. Mimi, ambaye huandika hata bei ya sabuni.

Nilijiambia kwamba labda haitagonga. Kisha nikajiambia nitasema Mzee akitulia. Kisha ukaondoka, na siku ile ile Mzee alikuja kaunta akaketi kwenye kiti ambacho hadi leo anakikalia, na nikaona kwamba sasa nimebaki mimi peke yangu wa kutazamwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sikuliweka ganda lile kwa makusudi, hilo niamini au usiniamini. Kunyamaza ndiko nilikofanya kwa makusudi, na nimefanya hivyo kila siku tangu hapo.

Uliuliza kwa nini sikutaka saizi mbili kwenye injini moja. Hukuuliza, lakini nadhani ulijiuliza.

Nilikuonea wivu kwa ule mkono begani. Nakuonea hadi sasa. Hata leo, nikiandika haya, sehemu yangu moja inasema: tazama, yeye ndiye aliyedhulumiwa, na bado nimebaki mimi na lawama yote.

Rudisha krenki ikiwa imesagwa au haijasagwa. Au njoo nayo. Nakualika.

Dada yako

*

21 Julai 1994

Dada,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na moja. Wifi yako anataka kukuandikia mambo yake mwenyewe, nimemzuia, ni mkali kuliko mimi.

Nimeyapima maganda yote manane. Ni kama ulivyosema.

Sasa nami nikujibu kwa ukweli. Mzee alisema sikupima na mimi nimeapa miaka yote kwamba nilipima. Tulikuwa sahihi wote wawili. Nilipima maganda manne ya juu, moja moja, kwa maikromita. Manne ya chini sikuyapima. Kwenye karatasi ya oili ulikuwa umeandika kwa mwandiko wako ule ulionyooka: Kumi, vipande vinane, vimekaguliwa. Sikuyapima kwa sababu yalitoka mkononi mwako. Katika karakana nzima kitu pekee ambacho sikukipima kilikuwa ni wewe.

Sijakusamehe. Nakuambia usije ukadhani ukimya huu ni msamaha.

Krenki ninayoituma nimeisaga. Namba moja, mbili na nne ni ishirini. Namba tatu ni thelathini. Nimefanya hivyo kwa makusudi, sitapoteza chuma kizuri kwa sababu wewe unaogopa saizi mbili. Beringi ziko ndani, laini, sita za ishirini, nyingine mbili za thelathini, na sikuandika chochote juu ya karatasi.

Utafunga wewe. Usimpe fundi mwingine.

Kila ganda lisome mgongo, kisha lipime, la juu na la chini. Ulimi wa ganda uingie kwenye mfereji wake kabla hujalisukuma. Kofia usizigeuze, alama za pande zitazamane. Oili bado. Nimekuwekea nyuzi za plastiki nne: kata kipande, laza juu ya shingo, kaza kofia hadi mwisho bila kuizungusha krenki, fungua. Uzi utakuwa umelala bapa. Ulinganishe na mistari iliyo kwenye karatasi yake. Ukiwa mpana sana beringi imebana, ukiwa mwembamba imelegea. Nimeweka alama ya wino mahali unapotakiwa kuwa. Kisha futa uzi, paka oili, kaza tena.

Na migongo uisome kwa sauti, Mzee akiwa ameketi hapo.

Mwaliko nimeuona. Sitakuja kwa huo. Hukunifukuza wewe, basi huwezi kunirudisha.

Vidole

*

28 Agosti 1994

Mdogo wangu,

Msalimie wifi, na usimzuie kuandika, nitasoma. Hapa tupo. Paa halijavuja mwezi mzima.

Nakuandikia kwa utaratibu ilivyotokea, tarehe 20 Agosti, Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi.

Niliiweka bloku kwenye stendi uani. Mzee aliketi kwenye kigoda upande wa kushoto kwangu ili sikio lake liwe karibu. Aliponiona nimevaa ovaroli akauliza fundi anakuja saa ngapi. Nikasema fundi ameshakuja. Akatazama lango.

Nilianza na namba moja. Ganda la juu, ishirini. Nikapima. La chini, ishirini. Nikapima. Mzee alitikisa kichwa kila nilipotaja, kama mtu anayesikiliza hesabu za watoto. Namba mbili hivyo hivyo. Nilipofika namba tatu nikasema thelathini. Akainua mkono.

Akaniuliza kwa nini thelathini. Nikamwambia mifereji ilikuwa imeingia ndani. Akauliza kwa nini iliingia ndani kiasi hicho, hata kama kijana hakupima. Hapo ndipo nilipomwambia.

Sasa, Vidole, jambo hili kwenye barua nimeliandika kimya kimya. Kwa Mzee huwezi kusema kimya kimya. Ilibidi nipaaze sauti. Nilisema, alipima, ni mimi niliyempa ganda la standadi, nikajua siku ile ile, nikanyamaza. Mzee akaweka mkono nyuma ya sikio na kuniinamia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mchomeleaji alizima mashine yake upande wa pili wa ukuta. Mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni na plagi mkononi, naye akabaki hivyo.

Mzee akaushusha mkono. Kisha akasema, "Mara ya kwanza nilisikia. Nilitaka kujua kama utasema tena."

Akanionyesha kofia ya namba tatu kwa kidole. Maana yake niendelee.

Nikaendelea. Nyuzi zote nne zimelala kwenye alama yako ya wino, nimezibandika kwenye daftari na tarehe yake. Nilikaza yote peke yangu. Mzee hakugusa spana, na mimi sikumpa. Siku sita zilizofuata zilikwenda kwenye pistoni, kichwa, mnyororo, kabureta na kuirudisha ndani ya gari. Mchomeleaji alinyanyua, na kwa heshima yake niseme hakuuliza chochote, ingawa mtaa mzima sasa unajua.

Juzi Ijumaa, saa nne kasorobo, imewaka kwa jaribio la pili.

Mzee alichukua ile bisibisi yake ndefu, akaweka ncha kwenye bloku na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Alianza namba moja, akaenda mbili, akafika tatu. Hapo akakaa. Nilitazama saa: dakika nne na nusu. Alifumba macho. Nilijua kwamba anaisikia kwa mfupa tu, kwamba hewani hapati kitu tena. Akahamia namba nne kwa haraka, kama kwa adabu, akarudi tatu.

Alipofumbua macho nilikuwa nimesimama mbele yake, mikono yangu ina oili hadi viwikoni. Nitakuambia nilichokuwa nangoja, kwa sababu wewe peke yako utakielewa. Nilikuwa nangoja mkono begani.

Akasema, "Iko safi." Akazima injini mwenyewe, akafuta bisibisi kwa kitambaa, akaniuliza bahasha zinakaa wapi.

Nikamwambia, rafu ya pili, kushoto. Najua mahali kila kitu kilipo.

Ameandika tangu Ijumaa mchana hadi leo asubuhi. Amenifukuza mezani mara mbili. Bahasha ameiziba kwa gundi, na juu ya gundi ameweka utepe mweusi ule wa kufungia nyaya, hakusema kwa nini, lakini ananifahamu vizuri. Anwani yako aliiandika bila kuniuliza. Anaijua kwa moyo. Sikujua kwamba anaijua.

Nimeituma pamoja na hii. Sijaifungua, na kwa mtu kama mimi hilo ni kazi. Nimeiweka tu kwenye mizani ya stoo. Ni gramu sitini na mbili, yaani karatasi kumi au zaidi, zimejaa. Mimi hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Nilikuwa karibu mno.

Ukija, leta maikromita yako. Yangu imeanza kudanganya.

Dada yako